Nani Atambeba Mama Mkwe

Picha ilikatwa kutoka gazeti la Kizungu, na kufikia Jumapili ile ilikuwa imepita katika mikono mingi yenye grisi hata wekundu wa pikipiki ukageuka kahawia. Nani alijali? Tulikuwa tumeizunguka pale gereji ya Nyamweya, Mosocho, vichwa vikigongana, kila mmoja akimwambia mwenzake asogee asitie kivuli. Torvani 750. Ilikuwa imetangazwa mwezi uleule, Machi mwaka 1976, na wenyewe walioiunda walisema ni pikipiki ya mbio na ya safari ndefu kwa wakati mmoja. Sikuwa nimewahi kusikia mambo hayo mawili yakikaa katika chuma kimoja.

Hatukuwa chama chenye cheti wala mwenyekiti. Tulikuwa watu wenye pikipiki, basi, na enzi hizo wapanda pikipiki wote wa Kisii na Nyamira tungeingia kwenye lori moja na nafasi ikabaki. Tulikutana Jumapili mchana kwa sababu Wasabato walikuwa wamesali jana yake, na sisi Wakatoliki tulikuwa tumeshatoka misa. Tulikunywa chai na kubishana, na siku ile ubishi ulikuwa mtamu kuliko chai.

"Hii kitu haifai Gusii," alianza Obadiah Nyangau. Nyangau alikuwa bwana shamba wa majani chai, mtu wa Ogembo, Msabato asiyemung'unya maneno, na kusema kweli ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote juu ya pikipiki. Ubaya ni kwamba alijua. "Angalia tumbo yake iko chini namna gani. Ipeleke Ogembo siku ya mvua. Matope itajaa hapa kwa madigadi, tairi igome, halafu wewe ndio ubebe pikipiki."

"Wewe unaangalia tumbo, angalia uso!" Esnah alimkatiza. Esnah alikuwa muuguzi, mwanamke pekee kati yetu, mfupi, mwenye kipikipiki cha hamsini alichokipanda kwenda kuchanja watoto vijijini. "Kioo mpaka hapa, na hili gamba linafunika mikono na magoti. Mimi kila siku saa nane mvua inanichapa usoni kama nimekula ng'ombe yake. Na haya masanduku ya pembeni yana kufuli! Dawa zangu zingefika kavu kabisa."

"Ni bibi harusi," alisema Nyamweya, fundi wetu. "Amejifunika shela." Akajifuta mikono kwenye ovaroli, kisha akagusa picha pale penye injini kwa kidole kimoja. "Lakini mimi nataka kuona chini ya shela. Injini hii ikiingia hapa, nafunga mlango siku mbili, mtu asiniite hata kwa chakula."

"Na spea utatoa wapi?" Nyangau akauliza. "Kwa padre aliyefungisha harusi?"

Tulicheka. Nami nilicheka, lakini macho yangu hayakuondoka mahali pamoja. Mimi, Thadeus Onchiri, mpandishaji wa ng'ombe kwa sindano, mtu wa kubeba mbegu za fahali ndani ya chupa ya baridi kutoka boma hadi boma, sikuangalia injini wala kioo. Niliangalia kiti. Kilikuwa kirefu, kinene, kimeinuka kidogo nyuma, na pembeni mwake palikuwa na vyuma viwili vya abiria kushikilia. Chini kulikuwa na vikanyagio vipana vya mpira.

"Onchiri anaangalia nini?" Nyangau aliuliza, ingawa alijua vizuri. "Anatafuta mahali pa kuweka Nyanchera ili asimwangushe tena."

Hapo walicheka bila mimi. Nyanchera ni mke wangu, na wakati ule alikuwa kwa mama yake, Kebirigo, mwezi wa tatu sasa. Januari tulikuwa tukitoka harusini Nyamira, yeye nyuma yangu kwenye pikipiki yangu ya tisini, amevaa gauni jipya. Mbele yetu lilikuwapo lori la majani chai. Sijui ni shetani gani aliyenishika, nikataka kulipita kabla ya kona. Tairi liliteleza. Nilijikuta nimekaa barabarani na mke wangu yumo mtaroni, kando ya shamba la chai la watu, goti limechanika la kushonwa nyuzi saba. Pikipiki haikupata hata mkwaruzo, na jambo hilo mama mkwe hakulisahau. Alikuja na ndugu zake akamchukua binti yake, akaniachia neno kupitia kwa shemeji: Nyanchera si gunia la majani chai. Atarudi siku chuma hicho kitakapokuwa kitu cha kubeba binadamu.

Ningefanya nini? Kuiuza pikipiki nisingeweza. Ng'ombe akihitaji fahali hangoji mtu afike kwa miguu. Nilikuwa nimeomba msamaha, nimetuma wazee, nimepeleka sukari na unga wa ngano. Mama mkwe alipokea sukari, akapika chai, akabaki na binti yake.

"Nyamweya," nikamnong'oneza fundi, "kiti kama hiki unaweza kukiunda?"

"Kwa picha? Yaya, haiwezekani. Nikikiona chenyewe, nikipime, nitakutengenezea kama hicho kwa tisini yako, na vyuma vyake vya kushika."

Na chenyewe kilikuwa kinakuja! Hiyo ndiyo habari iliyotutia wazimu. Bwana Velji, mwenye duka la pikipiki mjini Kisii, ndiye aliyetuletea picha, pamoja na barua. Kampuni ingeleta Torvani moja kwa lori, ikae Kisii siku moja, Jumapili baada ya Pasaka. Walitaka maoni ya watu wanaopanda kwenye barabara za murram kabla ya kuamua kama wataiuza huku kwetu. Mpandaji angekuwa mmoja tu, kwani karatasi ya bima ilikuwa na nafasi ya jina moja. Angeipeleka hadi Kebirigo na kurudi kabla ya saa kumi, tena abebe abiria, kwa sababu maoni ya kiti cha nyuma yalitakiwa pia. Tungepiga kura Jumapili iliyofuata.

Sikungoja kura. Jumatano nilimaliza ng'ombe wangu mapema nikaenda Kebirigo na picha mfukoni.

Hapa lazima nieleze jambo kwa msomaji asiyetoka kwetu. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani haya ya heshima kati ya watu fulani, na kubwa kuliko zote ni ile ya mtu na mama mkwe wake. Simshiki mkono. Sikai alipokaa. Simtazami machoni, wala yeye hanitazami. Si uadui hata kidogo, na mtu akiivunja wazee humwita na kumtafutia mbuzi wa kumtakasa. Kwa hiyo nilisimama karibu na ua wa boma, yeye, Gesare, akakaa kwenye baraza ya nyumba yake, na Nyanchera akawa anakwenda huku na huku na picha. Alikuwa bado anachechemea kidogo. Kila alipopita karibu nami nilitamani kumshika mkono, lakini mama yake alikuwa pale.

Mama mkwe aliitazama picha kwa muda mrefu. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mwenye kuuliza kama hakimu.

"Anayekaa nyuma anashika wapi?" alimwuliza binti yake.

"Hapo kwenye vyuma, mama," nilijibu kwa mbali.

"Na miguu?"

"Kuna vikanyagio vya mpira. Na fundi wangu akikiona hicho kiti ataniundia kama hicho."

Kuku walipita. Kisha akamrudishia Nyanchera picha.

"Mimi sinunui ng'ombe kwa kuonyeshwa ngozi. Mwambie, hiyo kitu ikikuja, nitaikalia mimi mwenyewe. Ibebe mimi kwanza. Nikishuka nikiona inafaa mtoto wa mtu, nitasema. Nikiona haifai, pia nitasema."

"Ndiyo, mama!" nikapaza sauti kabla Nyanchera hajafungua mdomo. "Utaikalia! Mimi mwenyewe nitaileta!"

Nyanchera alinitazama kwa namna ya ajabu, kama anayetaka kusema neno. Sikungoja. Niliwasha tisini yangu nikarudi Kisii nikiimba nyimbo za Pasaka kabla ya Pasaka.

Jumapili tulipiga kura kwa maharage, meupe sita na jekundu moja, ndani ya kofia ya Nyamweya. Nyangau alitia mkono wa kwanza, akatoa jeupe, akalitupa chini. Esnah jeupe. Zamu yangu ilipofika niliomba kwa Mtakatifu Thadeus, msaidizi wa mambo yaliyoshindikana, nikatoa mkono nimefumba macho. Nilijua kwa kelele zao. Jekundu!

Niliruka. Nilimkumbatia Nyamweya na grisi yake yote. Nilicheza kulizunguka pipa la oili. Nikamwambia Nyangau mambo ambayo Mkristo hapaswi kumwambia mwenzake aliyeshindwa. Nikawaeleza mpango wote: nitatoka Kisii na Torvani, nifike Kebirigo, mama mkwe akae nyuma, nimpeleke hadi Nyamira na kumrudisha, na jioni hiyohiyo neno litatoka.

Esnah alikuwa ameshika kikombe chake cha chai. Hakunywa.

"Onchiri," akasema polepole, "unasema nani atambeba mkweo?"

"Mimi."

"Akae nyuma yako. Akushike kiuno."

Nyangau akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini kwenye tairi bovu, machozi yakimtoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mimi nilibaki nimesimama na harage langu. Mtu niliyeoa kwetu, niliyezaliwa kwetu, niliyesimama uani siku nne tu kabla kwa sababu ya haya hiyohiyo, nilikuwa nimepanga mambo yote, kiti, vyuma, vikanyagio, nikasahau kwamba siwezi kumgusa mama mkwe hata kwa ncha ya kidole! Na nilikuwa nimepiga kelele bomani kwake kwamba nitaileta mwenyewe. Sasa nilielewa Nyanchera alitaka kusema nini.

"Basi abebwe na mwingine," nikasema. "Nyamweya!"

"Mimi na wewe ni ukoo mmoja," Nyamweya akasema. "Mkwe wako ni mkwe wangu. Unataka nitafutiwe mbuzi?"

"Esnah, wewe ni mwanamke, huna shida."

Esnah alikubali palepale, maana alikuwa na moyo mwema. Nyamweya akaleta utepe wa kupimia na ile barua yenye vipimo, akasoma urefu wa kiti kutoka ardhini, akaupima mguu wa Esnah. Miguu ya Esnah ingening'inia hewani. Pikipiki ya kilo zaidi ya mia mbili, na mama mkwe juu yake, ingelala naye mahali pa kwanza watakaposimama.

Wengine wote walikuwa ukoo wetu. Alibaki mmoja. Mama mkwe alizaliwa Ogembo, ukoo mmoja na baba yake Nyangau. Kwa Nyangau alikuwa shangazi, na mtoto humbeba shangazi yake bila haya yoyote. Nyangau alikuwa amekwisha kulifikiria hilo, kwa sababu alikuwa ameacha kucheka na sasa alikuwa akinitazama.

Nikimpa harage langu, jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye karatasi, na mimi sitaipanda Torvani. Si siku ile, wala siku nyingine. Mtu wa mshahara wangu angeiona tena wapi? Nilikuwa nimeiota. Usiku wa Jumatano nilikuwa nimelala na picha chini ya mto. Kwa wiki nzima kila niliposhika usukani wa tisini yangu nilijidanganya kuwa ni ile nyingine. Nawaambieni ukweli, nilitafuta njia ya kuwa na vyote viwili hadi kichwa kikauma, na njia haikuwapo.

"Nyangau," nikasema, "chukua."

"Sitaki bure," akajibu. "Panda juu ya hilo pipa. Sema mbele ya watu kwamba Nyangau anajua pikipiki kukushinda."

Nilipanda. Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, na Esnah akainamisha uso kwa kunihurumia. Niliposhuka Nyangau alilipokea harage, akaliangalia, akalitia mfukoni mwa shati.

"Ningembeba hata bila hivyo," akasema. "Nani anakataa shangazi yake? Lakini ilikuwa tamu kusikia."

Jumapili baada ya Pasaka mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Tulikuwa nje ya duka la Bwana Velji kabla ya saa tatu. Walipoishusha kwenye lori kwa ubao, watu walirudi nyuma kama waliofunguliwa ng'ombe mkali. Nyekundu! Picha ilikuwa imetudanganya, haikusema nusu. Tangi lake lilikuwa pana, kioo kimeinama, saa mbili za mviringo za kupimia mwendo zikitazama kifua cha dereva. Nyamweya alipiga magoti ubavuni mwake palepale kwenye matope, na Esnah akawa anafungua na kufunga masanduku ya pembeni kusikia tu kufuli zikilia. Nyangau alitia sahihi karatasi ya bima, akapanda, akabonyeza kitufe. Haikupiga kelele kama zetu. Ilinguruma chini chini, kwa adabu, nami nilihisi mngurumo huo ukipanda kutoka ardhini hadi magotini. Wivu ulinichoma, sikatai.

Akatoka Kisii, nami nikamfuata kwa tisini yangu, Nyamweya nyuma yangu na utepe wake wa kupimia. Kwa muda wa dakika tatu hivi tulimwona Nyangau. Baadaye tuliona nyayo za tairi.

Tulipofika Kebirigo, nusu ya soko ilikuwa imehamia boma la mama mkwe. Mwenyewe alikuwa tayari. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, koti la marehemu mumewe, na kitambaa kichwani. Nyangau alimsalimu kwa heshima zote, "Shangazi, umeamkaje," akamvika kofia ngumu juu ya kitambaa na kumfunga mkanda chini ya kidevu. Nyanchera alileta kigoda. Mama mkwe alikitazama kiti, akatazama vikanyagio vya pande zote mbili.

"Hii kitu inataka mtu apanue miguu," akatangaza. "Geukeni."

Boma zima liligeuka. Mimi, kwa sababu ya nafasi yangu, niligeuka zaidi ya wote, nikaenda hadi kwenye migomba nikaitazama kwa makini. Nilisikia kigoda kikilia, springi zikishuka, Nyangau akiguna. "Haya," sauti ya mama mkwe ikasema. Nilipogeuka alikuwa ameketi wima, leso imefunika magoti, mikono yote miwili imeshika vyuma. Wakaondoka kwa mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Watoto na wakubwa wakawakimbilia hadi barabarani wakipiga vigelegele.

Nyamweya alienda nao hao wakimbiaji. Nikabaki na mke wangu, yeye kwenye kigoda cha mama yake, mimi nimesimama. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitatu kuwa peke yetu, na nilikuwa nimesahau nianzie wapi.

"Nyangau ametuambia ulitoa zamu yako," akasema. "Ulitaka sana kuipanda?"

"Sana."

"Kiasi gani?"

"Nimelala na picha yake."

Alicheka, nami nikafurahi kusikia kicheko hicho hata nikasahau wivu. Kisha akapapasa goti lake juu ya gauni.

"Thadeus, siku ile kabla ya kona nilikuambia nini?"

Nilitazama barabara.

"Nilikuambia polepole. Mara tatu. Ulisikia?"

Watu wote walikuwa wameniuliza habari ya tairi, ya matope, ya lori. Hilo hakuna aliyeniuliza. Na jibu rahisi lilikuwa karibu: upepo, kelele za injini, nani angesikia? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimeacha kusikia na guu likachanika la mwenzangu.

"Nilisikia," nikasema. "Zote tatu. Nilitaka kulipita lori."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilidhani nimeharibu kila kitu, kwamba hata mama mkwe akirudi na sifa za Torvani nzima, hazitanisaidia tena.

"Mama anadhani ni mambo ya kiti," akasema mwishowe. "Mimi sijawahi kuogopa pikipiki."

Tulikaa hivyo hadi tuliposikia mngurumo. Walikuja wamezungukwa na watu, na kitambaa cha mama mkwe kilikuwa kimetoka chini ya kofia kikipepea. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Tuligeuka tena ashuke, na aliposhuka hakukubali kuvua kofia.

"Andika," alimwambia Nyangau. Nyangau aliweka karatasi ya maoni juu ya tangi akatoa kalamu. "Kiti ni kizuri. Mgongo wangu haujui kama umesafiri. Vyuma ni vizuri, lakini viwe na mpira, mkono unateleza. Hicho kioo kinasaidia dereva tu, mimi nyuma nimekula mdudu. Masanduku ni madogo, mkungu wa ndizi hauingii. Na sauti yake ni ya mtu aliyelelewa vizuri. Umeandika aliyelelewa?"

"Nimeandika, shangazi."

"Na maoni yako wewe?" Nyamweya akamwuliza Nyangau. "Bado haifai Gusii?"

Nyangau alifuta tope kwenye gamba kwa mkono wa shati lake jeupe. "Nilisema uongo," akasema. "Ni barabara yetu ndio haiifai. Tuanze kwa hiyo."

Mama mkwe akaigeukia migomba, kwa sababu mimi nilikuwa upande huo. "Fundi anaweza kuweka kiti kama hicho kwa kile kidogo?" akaiuliza migomba.

"Naweza, mama," Nyamweya akajibu, utepe umekwisha kuzunguka kiti cha Torvani. "Wiki mbili."

"Mbuya mono, vizuri sana. Basi baada ya wiki mbili Nyanchera ataenda."

Nilikuwa nimeshinda! Nilifungua mdomo kushukuru. Lakini Nyanchera alikuwa amesimama.

"Hapana, mama," akasema.

Nikajua ni ile miezi mitatu, ni zile polepole tatu, na kwamba nilikuwa nimejihukumu kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Naenda leo," akasema Nyanchera, akaingia ndani.

Mama mkwe alisahau hata kunikwepa, akatazama tisini yangu na mimi kwa pamoja. "Kwa hicho?" akamwuliza binti yake alipotoka na mkoba. "Hakina kiti! Umeona nini leo ambacho hukuona jana?"

"Nimemwuliza kitu, amenijibu ukweli," Nyanchera akasema.

Mama yake aliwaza, kofia ikiwa bado kichwani. Kisha akaifungua, akampa binti yake aivae. Nyangau aliangalia saa yake, kofia ya kampuni ikiwa inaondoka mbele ya macho yake, lakini nani anakataa shangazi yake? Nyamweya, ambaye sasa hakuwa na mahali pa kukaa kwangu, alirukia kiti cha nyuma cha Torvani kabla mtu hajabadili nia, akakumbatia vyuma viwili, uso umejaa meno. Wakaondoka kuwahi saa kumi.

Sisi tulitoka nyuma yao. Nyanchera alinishika kiuno kwa mkono mmoja, mkoba kwa mwingine. Tulipokaribia ile kona alisema, "Polepole," mara moja, nikapunguza hadi mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi akatupita kwa miguu na kutusalimu. Tulipita mtaro. Tulipita shamba la chai. Mbele kulikuwa na mteremko mrefu ulionyooka, umekauka, hauna mtu wala lori, na mbali sana chini tuliona kitu chekundu kikiingia upande wa Kisii.

Nilibaki na mwendo wangu uleule. Nilisikia kofia ikigonga bega langu, Nyanchera ameinamia sikio langu.

"Wamefika wapi wale?" akauliza. "Kaza, Thadeus!"

Nikakaza.